Shamba la Kupanga

Milima ya Masisi yasifiwa kwa majani mabichi na ng'ombe wengi. Lakini katika milima hiyo hiyo wako wengi wenye jembe wasio na mahali pao pa kupanda maharagwe. Ardhi kubwa ina wenyewe, na baadhi yao hukaa mbali, Goma au Kinshasa.

Jambo hili lina asili yake. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, wakaipa mamlaka juu ya ardhi nyingi. Walowezi wakapata mashamba makubwa. Sheria ya mwaka 1973 ikasema ardhi yote ni ya Dola. Basi wenye fedha na wenye cheo wakajipatia hati, na mkulima akawa mpangaji katika udongo wa babu zake.

Kodi yake mara nyingi si fedha, ila ni salongo: hufanya kwanza siku kadha kazi ya mwenye shamba, ndipo aruhusiwe kulima kipande chake. Karatasi hapana. Yakitakiwa malisho, ng'ombe huingia kabla ya mavuno, na jasho la miezi hupotea. Wengine huhamia Walikale kutafuta udongo mwituni.

Twasema nini basi? Mwenye shamba, ukiisha kupokea salongo umekwisha lipwa. Mwache mwenzio avune. Nawe mpangaji, kabla ya kupanda, omba maandiko mbele ya mashahidi: mipaka, siku za kazi, mwezi wa kuvuna. Mali bila daftari hupotea bila habari.