Vizibo, malapa na leso kuukuu: Tazama mara ya pili kabla ya kutupa

Na Mwandishi Wetu

Ni Jumapili usiku. Sare imepigwa pasi, mkoba umefungwa, na mtoto anakumbuka jambo: “Mama, mwalimu amesema kesho twende na vizibo, katoni na kamba.” Maduka mengi yamefungwa. Asubuhi mzazi anatoa pesa alizokuwa ameziweka kwa mboga, ananunua vitu vipya, na vinarudi nyumbani Ijumaa vikiwa vimechakaa.

Wazazi wengi wa Lamu wamezoea hali hii tangu mtaala wa umilisi, CBC, uanze kutekelezwa nchini mwaka wa 2019. Lakini vitu hivyo mara nyingi vimo ndani ya pipa la taka la nyumba hiyo hiyo. Makala haya yanaeleza jinsi familia inavyoweza kuvitenga, kuvisafisha na kuvitengeneza kuwa vitu vya kuchezea, kusomea na kutumia nyumbani bila gharama kubwa.

Kanuni ni moja: tengeneza kitu kitakachotumika. Pambo linaloning’inizwa siku tatu kisha likatupwa ni taka iliyochelewa tu kufika jaani.

KWA NINI TUANZIE NYUMBANI

Katiba ya mwaka wa 2010 imezipa serikali za kaunti jukumu la kuondoa taka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 nayo inataka taka zitenganishwe pale zinapotoka: zinazooza kando, zisizooza kando. Kutenganisha ndiko kunakowezesha kazi za mikono. Chupa iliyolala pamoja na maganda ya ndizi na mabaki ya mchuzi haifai tena kwa mtoto.

Zipo sababu nyingine tunazoziona kila siku. Plastiki ikichomwa uani hutoa moshi wenye sumu, na wa kwanza kuuvuta ni watoto na wazee waliomo nyumbani. Ikitupwa baharini, maji yakijaa huirudisha ufuoni. Ikiachwa kichochoroni, punda huila pamoja na mabaki ya chakula, na huweza kumziba tumbo hadi akafa.

Kisha kuna mbu. Wakaazi wa kisiwa cha Lamu hawajasahau mwaka wa 2004, homa ya chikungunya ilipozuka na kuwaacha watu wengi na maumivu makali ya viungo. Mbu wanaoeneza homa hiyo, ambao pia hueneza dengi, huuma mchana na hutaga katika maji yaliyotuama kwenye vyombo: mitungi isiyofunikwa, makopo, matairi, hata kizibo cha chupa. Kwa hivyo kuokota kopo lililotupwa uani ni kinga ya ugonjwa, hata kabla ya kulifanya kitu kingine.

UFUNDI HUU SI MGENI KWETU

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watoto wa Kiunga walikuwa wakiokota malapa yaliyoletwa na mawimbi na kuyakata kuwa vitu vya kuchezea. Mtaalamu wa bahari Julie Church, aliyekuwa akifanya kazi huko, aliona walichokifanya, akawahimiza kina mama kuyakusanya malapa, kuyaosha na kuyachonga ili wauze. Huo ndio mwanzo wa kazi inayojulikana leo kwa jina la Ocean Sole, ambayo vinyago vyake huuzwa hadi ng’ambo.

Mwaka wa 2018, mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walikamilisha jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyotumika na kupambwa kwa malapa ya rangi nyingi. Mwanzoni mwa mwaka wa 2019 jahazi hilo lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Familia haihitaji kuunda jahazi. Vinne vifuatavyo vinatosha kuanzia.

1. DAMA YA VIZIBO

Unahitaji upande mmoja wa katoni, rula, kalamu ya wino mzito na vizibo 24.

Chora mraba wenye urefu wa sentimita 32 kila upande, kisha ugawe kwa mistari kila baada ya sentimita 4. Utapata vyumba 64, yaani safu 8 za vyumba 8. Paka rangi chumba kimoja na uruke kinachofuata. Ukikosa rangi, mkaa uliosagwa na kuchanganywa na gundi kidogo unafaa.

Kila mchezaji anapata vizibo 12. Mmoja anaviweka vikitazama juu, mwenzake anavifudikiza, au kila mmoja anatumia rangi yake. Vipangwe kwenye vyumba vyeusi vya safu 3 za kila upande. Kete ikifika mwisho wa ubao, iwekee kizibo cha pili juu yake ili ijulikane kuwa ni mfalme.

Vizibo hivyo hivyo vinamfaa mwanafunzi wa Gredi ya 1 kujifunza kujumlisha na kutoa. Andika nambari ndani ya kila kimoja, na umepata kifaa cha hesabu.

2. MASHUA YA LAPA

Unahitaji lapa moja lililokatika, vijiti viwili vyembamba, uzi na kipande cha pakiti ya plastiki.

Ng’oa mikanda. Utabaki na matundu matatu, na tundu la mbele, lililokuwa la kidole gumba, ndilo litakaloshika mlingoti. Mtu mzima alichonge lapa kwa kisu: mbele, kwenye omo, liwe jembamba, nyuma, kwenye tezi, libaki pana. Chomeka kijiti cha mlingoti. Funga kijiti cha pili mshazari kiwe foromali, kisha shonea tanga la pembe tatu. Mashua ikilala upande, punguza urefu wa mlingoti.

Huu ni wakati mzuri wa kumwita babu. Watoto wengi wa mjini hupanda boti ya injini kila wiki lakini hawajui omo, tezi wala foromali ni nini. Jina linalotamkwa mtoto akiwa ameshika kitu mkononi halisahauliki upesi.

Funga uzi mrefu kwenye tezi kabla ya kuishusha majini, na mtoto asiende ufuoni peke yake. Mashua ikipotea imerudi kuwa taka ya bahari.

3. ZULIA LA LESO

Unahitaji leso mbili kuukuu, mkasi, sindano na uzi imara.

Chana leso kuwa vipande virefu vyenye upana wa vidole viwili. Unganisha vipande vitatu kwa fundo na uanze kusuka kama unavyosuka nywele. Kipande kikikaribia kwisha, shonea kingine mwishoni mwake na uendelee. Ukipata msuko mrefu, uzungushe juu ya meza kuanzia katikati, na kila mzunguko uushone na ule wa ndani. Usivute uzi kwa nguvu, la sivyo zulia litajikunja kama bakuli. Leso mbili zinatosha zulia dogo la mlangoni.

Anayejua kusuka ukili kwa ajili ya mkeka tayari ana ufundi huu. Bibi awaonyeshe wajukuu. Mtoto asuke, mkubwa ashone.

4. KITALU CHA MICHE

Trei ya mayai ya karatasi ina mashimo 30. Toboa kila shimo kwa chini, jaza udongo uliochanganywa na samadi kavu, na upande mbegu moja ya nyanya, pilipili au sukuma wiki katika kila shimo. Miche ikiota majani manne, kata trei na uipande pamoja na karatasi yake; karatasi itaoza ardhini.

Kwa kumwagilia, chukua chupa ya maji na mtu mzima atoboe matundu madogo kwenye kizibo chake kwa msumari uliopashwa moto. Maji yatatoka taratibu bila kulaza miche, jambo muhimu katika visiwa ambako kila ndoo ina thamani.

GUNDI YA JIKONI

Huna haja ya kununua gundi ya karatasi. Koroga vijiko 3 vya unga wa ngano katika kikombe kimoja cha maji baridi hadi madonge yaishe. Weka kwenye moto mdogo huku ukikoroga hadi iwe kama uji mzito. Iache ipoe. Itumie siku hiyo hiyo au ya pili, kwa sababu huchacha.

MAMBO YA KUZINGATIA

• Usitumie kamwe chombo kilichokuwa na dawa ya mimea, dawa ya panya, asidi, rangi au mafuta ya injini, hata kikioshwa.
• Betri, sindano, vioo vilivyovunjika na balbu si vifaa vya mtoto. Viwekwe kando na visichanganywe na taka nyingine.
• Osha vyombo kwa sabuni na uvianike juani siku nzima kabla ya mtoto kuvishika.
• Makopo ya bati yana makali. Kunja kingo kwa koleo au ziba kwa kitambaa.
• Mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe vizibo. Hukwama kooni.
• Kisu, moto na msumari ni kazi ya mtu mzima.
• Usiweke akiba kubwa kuliko unayoweza kutumia. Chupa 50 zilizorundikwa uani zikisubiri “siku moja” ni nyumba ya mbu na panya.

ANZA WIKI HII

Tenga vyombo vitatu jikoni: cha taka zinazooza, cha zisizooza, na kikapu kimoja kidogo cha vitu safi vya kazi za mikono. Ndani ya kikapu weka vizibo, katoni iliyokunjwa, kamba, vitambaa na pakiti zilizooshwa. Kikijaa, acha kuongeza hadi kitumike. Zinazooza zifanye mboji, na zilizobaki zitolewe siku ya ukusanyaji katika mtaa wako. Asiyejua siku hiyo au mahali pa kupeleka taka hatari aulize katika ofisi ya msimamizi wa wadi.

Walimu nao wanaombwa kutoa taarifa ya vifaa siku kadhaa mapema na kukubali mbadala. Ikiwa somo linahitaji kitu cha duara, kizibo cha soda na kifuniko cha mkebe wa mafuta vyote ni duara.

Na Jumapili ijayo usiku, mtoto akikumbuka alichoagizwa, mwelekeze kwenye kikapu.