Fahamu: Nani anaruhusiwa kufundisha shule binafsi?

Mwalimu wa shule isiyo ya serikali, iwe ya dayosisi au ya mtu binafsi, anabanwa na Sheria ya Elimu ya Tanzania ya 1978 sawa na mwenzake wa serikalini: lazima awe amesajiliwa au awe na leseni ya kufundisha.

Tume au Bodi?

Wengi huchanganya vyombo hivi viwili vinavyohusu walimu. Tume ya Utumishi wa Walimu inashughulikia walimu wa serikali tu. Bodi ya Kitaaluma ya Walimu, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2018, inawahusu wote.

Kwa nini suala hili linaugusa mkoa wa Kagera?

Bukoba na Muleba, mkoani humo, zina shule binafsi za siku nyingi, Seminari ya Rubya ikiwemo, na Uganda ni jirani. Mwalimu wa Uganda anayevuka mpaka wa Mutukula kuja kufundisha, hata awe na shahada, anahitaji pia kibali cha kazi.

Nani anafuatilia?

Wathibiti ubora, zamani wakaguzi. Hupekua vyeti, kisha huingia darasani na kutazama azimio la kazi, andalio la somo na madaftari ya wanafunzi. Hapo darasani ndipo mtoto analindwa zaidi kuliko kwenye faili.

Mzazi, kabla ya kulipa ada, uliza kama walimu wamesajiliwa.