Umenenepa, Umekonda: Juu ya Kuutaja Mwili wa Mtu katika Kiswahili

Abiria ashukapo Mbalizi, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma, huenda akapokelewa na shangazi yake aliyekuja sokoni. Atatoa shikamoo, ataitikiwa marahaba, na kabla hajaulizwa habari za safari ataambiwa, "Mwanangu, umenenepa!" Shangazi amefurahi. Lakini mgeni aliyejifunza Kiswahili vitabuni, akisikia maneno hayo, hudhani kwamba kijana ametukanwa. Na siku hizi wako vijana wetu wengi waliokulia mijini ambao hudhani vivyo hivyo. Je, yafaa kuutaja mwili wa mtu mbele yake? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lugha yenyewe ina jibu, na kwamba jibu hilo limo katika umbo la kauli na katika haki ya msemaji, kuliko katika maana ya neno peke yake.

Kwanza tutazame kitenzi. "Umenenepa" na "wewe ni mnene" si kauli moja. Kiambishi -me- hueleza hali iliyopo sasa kwa sababu ya badiliko lililotangulia. Basi asemaye "umenenepa" amekiri mambo mawili: kwamba alikujua ulivyokuwa, na kwamba ameona ulivyo leo. Kauli hiyo ni ya ndugu, jirani au rafiki wa siku nyingi. Ni sehemu ya kujuliana hali. Mtu baki hana cha kulinganisha, na akiitumia amejitwalia ujuzi asiokuwa nao. Ndiyo maana neno lile lile humfurahisha msikiaji likitoka kwa shangazi, na humchukiza likitoka kwa kondakta wa basi.

Hata katika vitenzi kuna daraja. "Umenawiri" ni sifa tupu. "Umenenepa" ni habari, njema au mbaya kwa kadiri ya msemaji na wakati. Lakini "umenona" ni neno la mifugo. Kumwambia mtu hivyo ni kumweka zizini. Vivyo hivyo "umepungua" ni kauli ya upole, na "umekonda" ni nzito zaidi. Kamusi nyingi huyaweka maneno haya karibu karibu bila kueleza tofauti hii ya heshima.

Pili, tuzitazame nomino. Mtu mnene huitwa bonge, kama bonge la ugali. Mwembamba huitwa njiti, kimbaumbau, au, akizidi kudhoofika, gofu la mtu, kana kwamba ni nyumba iliyobomoka. Hapa hapana badiliko linaloelezwa wala hali inayojuliwa. Mtu amegeuzwa kitu. Jambo hili huonekana wazi zaidi katika neno "kilema". Asili yake ni kasoro aliyo nayo mtu: husemwa "ana kilema cha mguu". Lakini pia husemwa "yeye ni kilema", na hapo kasoro imemmeza mwenyewe. Kwa hiyo wanaosema "mtu mwenye ulemavu", kama isemavyo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, hawakuleta ugeni katika lugha. Wamerudia kauli ya "kuwa na" iliyokuwamo tangu zamani. Hali ni hiyo hiyo kwa neno "zeruzeru". Mauaji yaliyotangaa nchini, hasa miaka ya 2007 na 2008, yalionyesha hatari ya kumwona binadamu kuwa kitu cha kuuzwa viungo vyake. Na wengi sasa husema "mtu mwenye ualbino". Wahenga nao walikwisha kuonya kwamba hujafa hujaumbika.

Tatu, iko haki ya msemaji. Mtani aweza kumwita mtani wake gofu msibani penyewe, na hapana atakayekasirika, kwa kuwa utani ni mkataba wa pande mbili: anayetoa leo atapokea kesho. R. E. Moreau aliandika juu ya desturi hiyo ya Tanganyika mwaka 1944. Upande wa pili yuko mkwe. Miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe, ambao Godfrey na Monica Wilson waliishi kwao na kuwachunguza katika miaka ya 1930, mke alipaswa kumwepuka baba mkwe, asimtazame wala kulitamka jina lake. Ambaye hata kumtazama si halali, mwili wake utatajwaje? Basi hata kabla Kiswahili hakijaenea katika nyanda hizi, watu walikuwa wakijua kwamba si kila jicho lina ruhusa ya kusema liliyoyaona.

Lakini haki hiyo haikukaa mahali pamoja. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mkoani Kagera, na katika miaka iliyofuata Mbeya na Iringa zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa sana, hasa kando ya barabara kuu. Tangu hapo "umekonda" halikuwa tena swali la upendo. Lilikuwa hukumu, lililosemwa sokoni mbele ya masikio mengi. Sarufi haikubadilika, bado kauli ilisema kwamba kuna badiliko. Kilichobadilika ni sababu ambayo wasikiaji walijijazia wenyewe. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure kwa wingi kuanzia 2004, "umenenepa" likawa kwa wengine habari ya kupona. Leo, kisukari na presha zikitajwa kila siku kliniki, neno hilo hilo laweza kumtia mtu hofu.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba desturi ya shangazi wa Mbalizi ni mbaya, wala kwamba ni njema mahali pote. Twaweza kusema hivi: atakayeutaja mwili wa mwenziwe na ajiulize kama alimjua kabla, kama naye yuko tayari kuambiwa vivyo hivyo, na ni nani mwingine anayesikia. Nasi watunga kamusi na walimu tuna wajibu wetu. Haitoshi kuandika kwamba "nona" ni kuwa na mafuta mwilini. Yafaa tuongeze kwamba husemwa juu ya mnyama, na kwamba kwa mtu ni dharau. Mwanafunzi anayepewa maana bila kuonyeshwa mipaka yake amepewa kisu bila ala.