Kombolela na Maji ya Mlima Meru

Kombolela ina sheria moja nzuri: mmoja tu akiponyoka na kugusa kituo, amewakomboa wote walionaswa. Shuleni Maji ya Chai tulikimbizana hivyo kila mapumziko, vumbi likitimka. Wenzetu wenye matege waliishia kutazama. Hawakurogwa. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutoa floraidi, nayo huingia katika mito na chemchemi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi mno, meno huwa ya kahawia, na mifupa ya mtoto anayekua huweza kupinda. Kuchemsha hakuiondoi. Mzazi anayemkingia mwanawe maji ya mvua ya kunywa amemkomboa.