Kuuza ni biashara, kufunga ni dhamana: Karatasi za usalama Jinja na Mbale

WAFANYABIASHARA wanaopitisha mizigo Busia, Malaba na Lwakhakha wanazijua karatasi za mpakani kama wanavyoyajua majina ya watoto wao. Cheti cha uasilia wa bidhaa, ankara, tamko la forodha, alama ya ubora: anayekosa moja kati ya hizo hulala mpakani na mzigo wake.

Lakini kwa anayepeleka jenereta, nyaya, kompresa, viyoyozi au vyumba vya baridi mashariki mwa Uganda, safari ya karatasi haiishii hapo. Mteja wa jenereta au chumba cha baridi mara nyingi hanunui mashine peke yake. Anataka ifungwe, iwashwe na iachwe ikifanya kazi. Hapo mfanyabiashara anakutana na mpaka wa pili, kwenye lango la jengo la mteja, na swali la mlangoni ni moja: karatasi zako za usalama ziko wapi?

Asiye nazo anaweza kurudishwa lori likiwa limejaa. Aliyenakili za mtu mwingine anaweza kuruhusiwa kuingia, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu karatasi iliyonakiliwa haimlindi fundi aliyeshika waya.

Miji miwili, hatari tofauti

Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji Julai 1, 2020, lakini historia zao za kazi hazifanani. Jinja ni mji wa viwanda uliokua na umeme wa Bwawa la Owen Falls, leo Nalubaale, lililozinduliwa na Malkia Elizabeth II wa Uingereza Aprili 1954. Nguo, vyuma, mafuta ya kula na samaki vyote vimepita katika viwanda vyake. Katika majengo ya umri huo, si ajabu kukuta nyaya zilizoongezwa na mafundi wa vizazi tofauti, bila mchoro unaoonyesha ipi inatoka wapi.

Mbale, iliyo chini ya mlima Wanale, imejengwa na kahawa ya Bugisu na biashara ya mpakani. Ina maduka ya ghorofa yenye wapangaji wengi, na tangu 2018 ina eneo la viwanda lililoanzishwa na wawekezaji wa China. Hapa kazi nyingine hufanyika katikati ya wateja wanaoingia na kutoka.

Ukifunga, wewe ni mwajiri

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake na watu wengine wanaoweza kudhurika na kazi yake, na atoe vifaa vya kinga bila kuwatoza. Anayesimamia sheria hiyo ni Kamishna wa Usalama na Afya Kazini, katika Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii.

Mfanyabiashara aliyezoea kujiita muuzaji huona maneno hayo hayamhusu. Yanamhusu tangu dakika anapomlipa fundi wa Bungoma na vibarua wawili wa Mbale wambebee kompresa hadi juu ya paa. Siku hiyo yeye ni mwajiri.

Uzito wa jina hilo uko kwenye Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Mfanyakazi akifa, au akipoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, fidia yake huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 60. Kwa fundi anayelipwa shilingi 900,000 za Uganda kwa mwezi, hiyo ni shilingi milioni 54. Upande wa Kenya, sheria ya fidia ya mwaka 2007 inahesabu mishahara ya miezi 96 kwa ulemavu kamili wa kudumu. Ndiyo maana bima ya wafanyakazi inatakiwa kuwepo kabla ya kazi kuanza.

Sheria hiyo ya Uganda inaweza pia kumfikia aliyetoa kazi kwa mkandarasi. Kwa hiyo meneja wa kiwanda anayedai karatasi langoni hamsumbui mgeni. Anajilinda asije akalipa deni la mtu mwingine.

Karatasi mbili, kazi moja

Katika bahasha hiyo, karatasi mbili ndizo roho ya kazi. Ya kwanza ni tathmini ya hatari: nini kinaweza kumdhuru nani, na kitazuiwaje. Ya pili ni maelezo ya utaratibu wa kazi: hatua kwa hatua, nani atafanya nini, kwa kifaa gani.

Tuseme mfanyabiashara wa Eldoret ameuza chumba cha baridi kwa kiwanda cha samaki Jinja. Kazi yenyewe ni kuunganisha kuta zenye povu ndani, kupandisha mtambo wa kupoza juu ya paa, kuchomelea mabomba ya shaba, kujaza gesi na kuvuta waya kutoka paneli kuu ya umeme wa nyuzi tatu, volti 415.

Tathmini yake haiwezi kuandikwa akiwa Eldoret. Lazima mtu afike, apande lile paa na aone kama mabati yanabeba uzito au yatavunjika. Aangalie kama paa ni la zamani lenye asbesto, kwa sababu hilo halitobolewi ovyo. Auliza moto wa kuchomelea utakuwa umbali gani na povu la kuta, maana povu hilo likishika moto hutoa moshi wa sumu. Aulize ni gesi gani inaingia kwenye mabomba, na kama inashika moto. Aone wafanyakazi wa kiwanda wanapita wapi wakati mzigo unaning'inia juu ya vichwa vyao.

Kisha kila hatari ipewe jibu kwa mpangilio. Kwanza, je, inaweza kuondolewa kabisa, kwa mfano kwa kuunganisha mabomba chini kabla ya kuyapandisha? Isipowezekana, je, inaweza kuzingirwa kwa uzio, jukwaa au winchi iliyokaguliwa? Kofia ngumu, glovu na mkanda wa usalama huja mwisho, baada ya hayo yote.

Sentensi inayookoa mtu

Tofauti ya karatasi nzuri na mbaya huonekana kwenye sehemu ya umeme. Karatasi mbaya husema: mafundi wavae glovu na wawe makini. Sentensi hiyo haimwambii mtu afanye nini.

Karatasi nzuri humtaja fundi atakayezima swichi kuu, na kusema swichi yenyewe ni ipi. Inasema ataifunga kwa kufuli lake, atabandika kibao chenye jina lake na ufunguo utakaa mfukoni mwake. Inasema atajaribu testa yake mahali penye umeme, apime nyaya zote za paneli, kisha aijaribu tena testa ileile mahali penye umeme ili ajue haikufa katikati ya kazi. Mpaka hapo, kila waya huhesabiwa kuwa na umeme.

Inataja pia jenereta. Katika viwanda na maduka makubwa, jenereta nyingine hujiwasha zenyewe umeme wa gridi unapokatika. Fundi akizima swichi ya gridi peke yake, jenereta hudhani umeme umekatika, huwaka, na kurudisha umeme kwenye nyaya alizoshika. Betri na paneli za jua nazo ni chanzo cha umeme. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa utaratibu unapaswa kuwa orodha ya vyanzo vyote, na kufuli kwa kila kimoja.

Kama umeme unatakiwa kukatwa nje ya jengo, hiyo si kazi ya fundi wa mteja. Ni ya Kampuni ya Usambazaji Umeme ya Uganda (UEDCL), iliyochukua usambazaji Aprili 1, 2025 baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni ya Umeme kumalizika. Karatasi inayoletwa leo ikisema Umeme ndiyo itakayokata laini imejitangaza yenyewe: imenakiliwa kutoka kazi ya zamani, na aliyeileta hakuisoma.

Karatasi ya Jinja haifai Mbale

Mfanyabiashara huyohuyo akiuza chumba cha baridi cha pili kwa duka la maziwa Mbale, kishawishi ni kubadilisha jina la mteja na tarehe. Mashine ni ileile, mafundi ni walewale. Jengo silo.

Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika na maji yakaingia mjini Mbale, watu wakafa na mali zikaharibika. Anayefunga paneli ya umeme katika duka la chini karibu na mto anapaswa kuandika itakaa juu kiasi gani, na mafundi wataacha wapi nyaya za muda mvua ikianza mchana. Jambo hilo halikuwemo kwenye karatasi ya Jinja.

Ghorofa yenye wapangaji huleta swali jingine: swichi itakayozimwa inalisha duka moja au maduka manane? Mpangaji ambaye hakuambiwa anaweza kuiwasha tena ili kinyozi wake aendelee na kazi. Kufuli na kibao ni muhimu zaidi hapo kuliko kiwandani. Hata hospitali inabadilika. Mpango wa dharura wa Jinja utataja Hospitali ya Rufaa ya Jinja, na wa Mbale utataja ya Mbale, pamoja na gari litakalombeba majeruhi na jina la anayejua kumsukuma mtu kifua moyo unaposimama.

Vibali vinavyoambatana

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, imefungua njia kwa wafanyakazi na huduma, lakini haikufuta leseni za fani. Wahandisi wa Kenya, Tanzania na Uganda wana makubaliano ya kutambuana tangu 2012. Fundi wa waya yuko nje ya makubaliano hayo. Nchini Uganda anatakiwa awe na kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme (ERA), na vibali hivyo vina madaraja. Mwenye daraja la kazi ndogo za majumbani hawezi kusaini kazi ya kiwanda. Leseni ya EPRA ya Kenya au ya EWURA ya Tanzania ni ushahidi mzuri wa ujuzi, ila haichukui nafasi ya kibali hicho. Njia fupi kwa wengi ni kushirikiana na fundi wa Jinja au Mbale mwenye daraja linalotosha, na jina lake liingie kwenye utaratibu wa kazi.

Kazi ikigusa jengo lenyewe, kama kutoboa sakafu ya ghorofa au kuongeza mzigo juu ya paa, mwenye jengo aulize kamati ya majengo ya jiji kuhusu kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013. Lifti, winchi, boila na matangi ya hewa yenye shinikizo huhitaji cheti cha ukaguzi. Nakala za vyeti hivyo zikae kwenye bahasha ileile.

Isomwe kwa lugha gani?

Karatasi nyingi huandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu meneja na mkaguzi ndio watakaoziweka faili. Lakini kibarua atakayeshika ngazi huenda anazungumza Lusoga au Lumasaba, na fundi aliyetoka Bungoma anazungumza Kibukusu. Kiswahili ndicho kinachoweza kuwakutanisha.

Asubuhi kabla ya kazi, dakika kumi zinatosha. Msimamizi asome hatua za siku hiyo kwa Kiswahili, aulize kila mmoja arudie sehemu yake kwa maneno yake, kisha wasaini. Ambaye hakuelewa, ajulikane hapo chini, kabla hajapanda ngazi. Na kazi ikibadilika katikati, kwa mfano waya ukionekana ambao haumo kwenye mchoro, isimame, karatasi irekebishwe kwa kalamu na wasaini upya.

Gharama iingie kwenye bei

Wafanyabiashara wadogo wana hoja ya kweli: safari ya kukagua jengo, siku ya kuandika, bima na fundi mwenye kibali vyote ni fedha, na mshindani asiyevifanya atataja bei ya chini. Dawa yake ni kuviandika kwenye ankara ya makadirio kama mistari inayoonekana, karibu na bei ya kompresa na usafiri, ili mteja ajue anacholipia. Mteja mwenye bima na wakaguzi ataielewa mistari hiyo.

Na muda wake ni kabla lori halijapakiwa. Jengo likaguliwe, rasimu itumwe kwa mteja, fundi mwenye kibali aisome na aikosoe, ndipo tarehe ya kuvuka mpaka ipangwe. Mzigo ukiwa tayari Malaba na karatasi bado haijaandikwa, itakayoandikwa usiku huo itakuwa ya kunakili.