Kiriba Katika Moshi

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi redioni. Masomo: Zaburi 119:81–88 na Wafilipi 4:10–14)

Ni mwezi wa pili, jua la kiangazi ni kali, na usiku wenyewe hauleti nafuu. Asubuhi hii nataka kuzungumza hasa na ninyi wazee wetu, akina baba na akina mama mliokula chumvi nyingi. Nataka pia kuzungumza na sisi wana wenu tunaowatunza, au tunaodhani kwamba tunawatunza. Swali letu ni hili: Je, mtu ambaye nguvu zake zimekwisha na mali yake imepungua aweza kuishi kila siku akiwa ameridhika? Na kuridhika huko ni kitu gani hasa?

Ukitoka mjini Isiolo kwa barabara ya lami iendayo Archer's Post, Marsabit na Moyale, utapita Ngaremara. Ni nchi kavu yenye migunga, mawe na vumbi, na wenyeji wake wengi ni Waturkana. Mali yao ni mifugo, mbuzi hasa. Lakini kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo, na mifugo ya kaskazini mwa Kenya ilikufa kwa wingi sana. Mtu aliyezoea kuhesabu mbuzi jioni alibaki akihesabu ngozi. Mwisho wa 2023 mvua zilikuja kwa nguvu hata zikaleta mafuriko, lakini mvua haifufui mbuzi aliyekufa.

Basi wengi waliopoteza mifugo waligeukia mkaa. Miti hukatwa, hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, kisha huwashwa moto usiopata hewa ya kutosha, ukafuka siku kadhaa. Upepo ukitulia, moshi hutanda chini juu ya nyumba na kuchanganyika na moshi wa mafiga. Kando ya barabara magunia yamepangwa yakingoja magari. Nasi wa mjini tusiwe wepesi kuwalaumu, maana mkaa huo ndio unaochemsha chai yetu.

Siku moja ya kiangazi nilikwenda huko kumtembelea mama mmoja mzee, mjane, mshiriki wa kanisa. Jina lake sitalitaja. Nilisoma chuo cha theolojia, na huko tulifundishwa kupanga hubiri lenye vichwa vitatu. Nilikuwa nimetayarisha hubiri juu ya kuridhika, na vichwa vyangu vitatu vilikuwa mfukoni. Nilimkuta ameketi kivulini mwa mgunga akisuka majani ya mkoma, macho yake mekundu kwa moshi. Tulisalimiana, nikafungua Biblia, nikaanza kumweleza jinsi ilivyo vema kuwa radhi na hali tuliyo nayo. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, wewe leo umekula?"

Nikajibu, "Ndiyo, mama. Nilikunywa chai na mkate kabla ya kutoka Isiolo."

Akasema, "Mimi tangu jana mchana sijatia kitu kinywani. Lakini endelea, nakusikiliza."

Ndugu zangu, sikuweza kuendelea. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Nilifunga Biblia, nikamtuma kijana wa bodaboda aliyenileta arudi dukani kununua unga, sukari, majani ya chai na maziwa.

Tulipokuwa tukingoja, mama yule aliinuka polepole, akaleta kibuyu cha maziwa. Alichoma vijiti motoni, akatia makaa yake ndani ya kibuyu, akafunika, akatikisa, akakiacha kifuke. Wasikilizaji wa kaskazini mnaijua kazi hii. Waturkana, Wasamburu, Waborana na Warendille hawaoshi chombo cha maziwa kwa maji peke yake, maana maji ni haba. Hukifukiza kwa moshi wa mti uliochaguliwa. Joto na moshi huua vijidudu vinavyoharibu maziwa, nayo maziwa hukaa muda mrefu zaidi na kupata harufu nzuri.

Nikamwuliza, "Mama, si umeniambia mbuzi wako wote walikufa? Kibuyu hiki ni cha maziwa gani?"

Akanijibu bila kuinua macho, "Ni cha maziwa yatakayokuja. Kibuyu kisipofukizwa huingia uvundo. Sasa jirani akiniletea maziwa, nitayapokea katika nini?"

Njiani kurudi nilikumbuka mstari ambao nilikuwa nimeusoma mara nyingi bila kuuona. Zaburi ya 119 ndiyo ndefu kuliko zote, ina mistari 176, na katika mstari wa 83 mwandishi anajifananisha na kiriba kilichowekwa katika moshi. Kiriba ni mfuko wa ngozi wa kutilia maji au divai. Kikitundikwa katika nyumba ambayo moshi wake hauna pa kutokea, hukauka, hukunjamana na kuwa cheusi. Ni nani anayeijua hali hiyo kuliko mzee? Ngozi imekunjamana, macho yanawasha, kifua kinabana, na watu hupita bila kutazama. Hata hivyo mwandishi anaongeza kwamba hakuyasahau maagizo ya Mungu wake. Nje ni cheusi, lakini ndani kimetunza kitu.

Kwa hiyo nimepata tena vichwa vitatu. Lakini hivi si vyangu, ni vya mama yule.

Kwanza, kuridhika si kunyamaza. Wako wanaofikiri kwamba mzee aliyeridhika ni yule asiyesema magoti yanamwuma, asiyesema ana njaa, asiyesema amebaki peke yake. Lakini mwandishi wa Zaburi, katika fungu hilo hilo, anamwuliza Mungu atamfariji lini, na tena anamwuliza siku zake zimebaki ngapi. Hamfichi Mungu kitu. Mama wa Ngaremara naye hakunificha kwamba ana njaa, na kusema hivyo hakukuwa upungufu wa imani. Mzee wangu unayenisikiliza, ukimwambia mwanao kwamba huna dawa, au kwamba moshi wa jikoni unakuziba pumzi, hujamkosea Mungu. Umesema kweli, na Mungu wetu hupenda kweli.

Pili, kuridhika hujifunzwa. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa katika vifungo, naye asema amejifunza kuwa radhi. Hasemi kwamba alizaliwa hivyo. Neno la Kiyunani alilotumia lilipendwa na wenye hekima walioitwa Wastoiko. Wao walilitumia kwa mtu anayejitosheleza, asiyehitaji mtu wala kitu. Paulo alilichukua neno lao akaligeuza. Yeye hajitoshelezi. Yuko mwingine anayemtia nguvu, ndiye Kristo, na katika huyo amejifunza kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa.

Je, somo hilo hujifunzwa wapi? Hujifunzwa katika mambo madogo ya kila siku. Mama yule huamka kabla ya jua kupata nguvu, na saa hiyo ya ubaridi humshukuru Mungu, ambaye kwa lugha yake humwita Akuj, kwa jambo moja tu, si kwa mambo kumi. Kila siku husuka kidogo, kiasi cha vidole vyake kuweza, kisha huweka chini. Nilimwuliza jinsi anavyoustahimili mchana mrefu wa joto. Akasema, "Kivuli kikihama, nami nahama. Sigombani na jua." Jioni watoto wa majirani humjia awasimulie habari za zamani. Na kila siku chache hufukiza kibuyu, kuwe na maziwa au kusiwe.

Mpenzi msikilizaji, huko ndiko kuridhika. Aliyekata tamaa hukitupa kibuyu, naye mwenye tamaa hulia usiku na mchana kwa sababu hakijajaa. Lakini aliyeridhika hukiweka safi, akaishi leo kwa kilichopo, huku mlango wa kesho akiuacha wazi.

Tatu, kuridhika kwa mwenye shida hakumwondolei jirani wajibu wake. Mara nyingi tunaposoma Wafilipi 4 tunakomea mstari wa 13. Tafadhali soma na wa 14. Mara tu baada ya kusema kwamba amejifunza kuwa radhi, Paulo anawaambia Wafilipi kwamba walifanya vema kushiriki taabu yake. Walikuwa wamempelekea msaada kwa mkono wa Epafrodito, naye akaupokea kwa furaha. Neno la kuridhika, basi, hupendeza sana likitoka kinywani mwa mwenye shida. Likitoka kinywani mwa mwenye shibe ili afunge mkono wake, huwa ni dhambi iliyovikwa kanzu. Hilo ndilo kosa nililolifanya chini ya mgunga ule.

Kwa hiyo, ninyi vijana na sisi wa makamo, tusimame tufanye kazi. Joto likizidi, mpelekee mzee maji, wala usingoje aombe, maana mtu akizeeka kiu chake hupungua hata mwili unapohitaji maji. Hamisha mafiga yake yawe nje au penye hewa, au mtobolee dirisha. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani, unaotokana na kuni, mkaa na mafuta ya taa, ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini. Kama mzee amefikisha miaka 70, mwulize kama ameandikishwa katika mpango wa Serikali wa Inua Jamii, ambao mwaka 2018 ulifunguliwa kwa wazee wa umri huo kwa shilingi 2,000 kila mwezi. Kama hajaandikishwa, mshike mkono mwende pamoja kwa chifu. Na ukimaliza hayo yote, keti. Usikimbilie saa yako. Mzee mwingine hana haja ya unga, ana haja ya mtu wa kumsikiliza.

Niseme na langu kabla sijamaliza. Mimi ni mtu wa miaka arobaini na kitu, na mama yangu mzazi yu hai. Kila aliponipigia simu kunieleza habari za magoti yake, au jinsi nyumba ilivyo kimya, nilimjibu, "Mama, shukuru tu." Nilidhani ninamtia moyo. Kumbe nilikuwa nikimfunga kinywa ili nirudie kazi zangu, na kazi zenyewe ni za kanisa! Usiku ule niliporudi kutoka Ngaremara nilimpigia simu, nikamwuliza habari za magoti, kisha nikanyamaza. Alizungumza muda mrefu. Mwishoni alisema mwenyewe, "Lakini nashukuru Mungu, mwanangu." Mara hiyo neno lilikuwa lake, si langu.

Na kule chini ya mgunga? Yule kijana wa bodaboda alirudi na unga, sukari, majani ya chai na pakiti mbili za maziwa ya dukani. Mama alikung'uta makaa na majivu, akamimina maziwa ndani ya kibuyu chake, akakitikisa kidogo, akanitazama. "Unaona?" akasema. Hakuongeza neno. Kisha akachemsha chai yenye harufu ya moshi, na kikombe cha kwanza akanipa mimi niliyekuwa nimeshiba.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyetujua tumboni mwa mama zetu na usiyetuacha tunapokuwa na mvi, wakumbuke wazee wetu katika siku hizi za joto na moshi. Uwape maji, hewa na usingizi. Uwafundishe, nasi pia utufundishe, kuishi leo kwa kilichopo. Utusamehe sisi tuliowahubiri kabla ya kuwauliza kama wamekula. Utulinde tusiingie uvundo tungali tukingoja, ili siku utakapotuletea baraka yako utukute tukiwa vyombo safi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.