Kutoka Kiapo cha Siri hadi Wasia wa Simulizi: Ukuaji wa Mhusika Mkuu katika Tamthilia ya Hamlet

Ikisiri

Makala haya yanachunguza ukuaji wa mhusika Hamlet katika tamthilia ya William Shakespeare yenye jina hilohilo. Uhakiki mwingi umemweleza Hamlet kuwa mtu anayeahirisha kisasi kwa sababu ya udhaifu wa nia au wingi wa fikra. Makala yanadai kwamba maelezo hayo hayatoshi kuonyesha namna anavyobadilika. Kwa kufuatilia mhusika anasema na nani, na anamficha nani, makala yanaonyesha kuwa Hamlet anakua kutoka mtu anayefungia ukweli moyoni hadi mtu anayeomba ukweli huo usimuliwe, na kwamba gharama ya ukuaji huo inalipwa na wengine.

1. Utangulizi

Wasomaji wengi wa Kiswahili wamemfahamu Shakespeare kupitia tafsiri za Julius Nyerere, Juliasi Kaizari (1963) na Mabepari wa Venisi (1969), pamoja na Makbeth na Tufani zilizotafsiriwa na S. S. Mushi. Aliyemsoma Makbeth anamjua shujaa wa tanzia anayetenda haraka na kuteseka baadaye. Hamlet huonekana kinyume chake: anateseka kwanza, na tendo linachelewa hadi onyesho la mwisho.

Kuchelewa huko ndiko kulikowashughulisha wahakiki. Goethe alimwona Hamlet kuwa roho nyororo iliyotwishwa tendo zito kuliko uwezo wake, Coleridge aliona fikra zilizozidi tendo, A. C. Bradley, mwaka 1904, alitaja majonzi mazito. Kila maelezo yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, yote yanamtafutia mhusika sifa moja inayodumu, na sifa inayodumu haielezi ukuaji. Iwapo Hamlet ni mwoga wa kutenda tangu mwanzo hadi mwisho, basi ni mhusika bapa, na tamthilia nzima ni kungoja tu.

2. Kisasi kisicho na shahidi

Kisa cha Hamlet ni cha kale. Kimo katika historia ya Wadenmaki iliyoandikwa kwa Kilatini na Saxo Grammaticus karibu na mwaka 1200, na kilisimuliwa upya kwa Kifaransa na François de Belleforest mwaka 1570. Katika masimulizi ya Saxo, kijana Amleth hana haja ya kumtafuta muuaji wa baba yake: mauaji yanajulikana, na muuaji ana kisingizio chake. Amleth anajifanya mwendawazimu ili aishi hadi siku ya kulipiza. Analipiza, na anatawala.

Katika tamthilia ya Shakespeare, mauaji ni siri. Raia wanaamini kwamba mfalme aliumwa na nyoka akiwa amelala bustanini. Anayejua kuwa sumu ilimiminwa sikioni mwake ni Claudius aliyeimimina, na anayetoa ushahidi ni mzimu. Mzimu si shahidi wa kuitwa barazani. Tena Hamlet mwenyewe anahofu kwamba huenda ni shetani aliyejivika sura ya baba yake. Kwa hiyo anapowatumia waigizaji kumwonyesha mfalme mauaji yanayofanana na yake, haahirishi tendo. Anatafuta ithibati.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni analolifanya mara tu baada ya kuzungumza na mzimu: anawaapisha wenzake juu ya upanga kwamba hawatasema walichokiona. Ukuaji wake unaanzia hapo, katika kiapo cha siri.

3. Upweke wa usemi

Mtu mwenye siri husema peke yake. Kwa hesabu iliyozoeleka, Hamlet ana uzungumzi nafsia mara saba, yaani mara saba anabaki jukwaani akiisemesha nafsi yake huku hadhira ikisikia. Mbele ya wengine hutumia mafumbo, dhihaka na wazimu wa kujitia; ukweli wake hutoka tu watu wanapoondoka.

Mgawanyo wa semi hizo unastahili kutazamwa. Zote zimo katika sehemu nne za mwanzo. Katika sehemu ya tano hakuna hata moja. Usemi wa saba, anaoutoa baada ya kuona jeshi la Fortinbras likipita, umo katika chapa ya 1604–1605, lakini haumo katika mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare uliochapishwa mwaka 1623. Msomaji wa mkusanyo huo anamwacha Hamlet wa faragha mapema zaidi, katika sehemu ya tatu, nyuma ya Claudius aliyepiga magoti. Lakini chapa zote mbili zinakubaliana kwamba Hamlet anayerudi kutoka safari ya baharini hazungumzi tena na nafsi yake. Anazungumza na Horatio.

4. Tendo la gizani

Kabla ya kufika huko, Hamlet anatenda mara moja kwa haraka, na tendo hilo linageuza msuko mzima. Akiwa chumbani kwa mama yake, anasikia sauti nyuma ya pazia na kuchoma upanga bila kufunua. Anayeanguka ni Polonius. Mtu aliyedai ithibati kabla ya kumgusa mfalme ameua bila hata kutazama uso.

Matokeo yake ni kwamba mdai kisasi amekuwa mdaiwa. Laertes, mwana wa Polonius, sasa ana dai lilelile alilokuwa nalo Hamlet, naye halicheleweshi: anakusanya watu na kuvamia kasri. Kasi hiyo haimletei ukweli, kwani Claudius anaigeuza hasira yake kuwa chombo. Ophelia, aliyempoteza baba kwa mkono wa mtu aliyempenda, anaingiwa na wazimu usio wa kujitia, na anakufa maji. Baadaye Hamlet anakiri kwa Horatio kwamba katika shauri la Laertes anaiona picha ya shauri lake mwenyewe. Kukiri huko ni hatua ya kweli ya ukuaji; imechelewa tu.

5. Bahari na kaburi

Baharini Hamlet anaifungua barua ya Claudius inayoagiza akatwe kichwa mara afikapo Uingereza. Anaandika nyingine inayowapeleka kifoni Rosencrantz na Guildenstern, na baadaye anasema dhamiri yake haimsumbui. Utayari aliorudi nao, basi, umechanganyika na ugumu wa moyo. Msomaji anayemsifu kwa utulivu wa sehemu ya tano sharti awahesabu pia wawili hao.

Hata hivyo mabadiliko ni dhahiri. Ile barua anamkabidhi Horatio aisome: kwa mara ya kwanza ushahidi uko mikononi mwa mtu mwingine. Penye kaburi la Ophelia anajitokeza na kujitaja hadharani kuwa ndiye Mdenmaki, jina linalomfaa mfalme. Na kabla ya pambano la panga anamweleza Horatio wasiwasi wa moyo wake, lakini anakataa kuahirisha. Hajapata uhakika mpya. Ameacha kuufanya uhakika kuwa sharti la kuishi.

6. Hitimisho

Mwishoni Laertes, akifa kwa sumu ya upanga wake mwenyewe, anamtaja mfalme kuwa mwenye hatia, na Hamlet anamuua Claudius mbele ya wote. Lakini hakuna aliyeeleza ukumbini namna mfalme wa kwanza alivyokufa. Wanachokiona watu ni mpwa akimuua mfalme wao, nao wanapiga kelele za uhaini. Ndiyo maana Hamlet anamzuia Horatio asinywe sumu iliyobaki: lazima abaki mtu wa kusimulia.

Katika Tanzia ya Kihispania ya Thomas Kyd, tamthilia maarufu ya kisasi iliyoitangulia Hamlet, mzee Hieronimo analipiza kifo cha mwanawe kisha anaukata ulimi wake kwa meno ili asilazimishwe kusema zaidi. Hamlet anakufa akiomba kinyume chake. Aliyewaapisha wenzake wanyamaze sasa anamwapisha rafiki yake aseme. Ombi hilo haliwarudishi Polonius wala Ophelia, na Fortinbras, kabla hajaisikia habari yote, ameshaagiza Hamlet azikwe kwa heshima za askari, yeye ambaye hatukumwona vitani. Simulizi inaanza kupindwa kabla ya maiti kuondolewa. Kazi aliyoachiwa Horatio ndiyo kazi ya mhakiki pia: kumsimulia Hamlet pamoja na wale waliokufa njiani alipokuwa akikua.